Mali Bila Daftari: Ufunguo wa Hazina U Mikononi mwa Nani?



Kila mwaka, mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha hutoka katika jengo la Hazina mjini Nairobi akiwa na mkoba mkononi. Husimama mbele ya wapiga picha, akauinua mkoba ule ili taifa zima liuone, kisha akashika njia ya Bunge. Huku kwetu, katika maduka ya Malindi na mikahawa ya Kilifi, watu huongeza sauti ya redio wapate kusikia mambo mawili matatu: unga umepanda au umeshuka, mafuta ya taa yatauzwaje, sukari imeongezwa ngapi. Hotuba ikiisha, sauti ya redio hupunguzwa na kila mtu hurudi kwenye shughuli yake. Ni wachache mno waulizao fedha zenyewe zimewekwa wapi, nani anayezitoa, kwa idhini ya nani, na nani atakayezihesabu baadaye.

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Katika toleo hili tumeona vyema kuizungumzia Hazina, idara ambayo haina polisi wala magereza, ambayo wengi wetu hatujapata kukanyaga mlangoni pake, na ambayo hata hivyo imeamua hali ya maisha yetu kuliko wizara nyingine yoyote. Hoja yetu ni moja, nasi twaisema tangu mwanzo. Tangu zama za ukoloni hadi leo, haki za wananchi wa nchi hii hazikunyang'anywa kwa bunduki peke yake. Mara nyingi zimenyang'anywa kwa kalamu, ndani ya ofisi za fedha, kimya kimya, na siku tulipozinduka jambo lilikuwa limekwisha. Kwa hiyo kampeni ya mageuzi ambayo haifiki Hazina ni kampeni iliyoishia barazani, ndani haijaingia.

KODI ILIYOTANGULIA SAUTI

Waingereza walipotangaza himaya yao hapa mwaka 1895, walikuta watu wenye hazina zao: mashamba ya minazi, mifugo, pembe, na mahindi ya Wagiriama yaliyokuwa yakilimwa ng'ambo ya mto Sabaki na kuuzwa Malindi. Mwaka 1901 serikali ya kikoloni ikaanzisha kodi ya nyumba. Kodi hiyo ilikuwa na makusudi mawili. La kwanza lilikuwa kujaza mfuko wa serikali. La pili, ambalo halikufichwa sana, lilikuwa kumsukuma Mwafrika atoke shambani mwake aende akafanye kazi ya mshahara katika shamba la mwingine, ili apate fedha ya kulipia nyumba yake mwenyewe.

Wagiriama hawakulikubali jambo hilo. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alizunguka akiwalisha watu kiapo wasitoe vijana wao kwenda vibaruani wala wasiwatii wakubwa waliowekwa na serikali. Alikamatwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi, wakatoroka, wakarudi. Agosti 1914 serikali ikaibomoa Kaya Fungo kwa baruti. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na mwisho wa yote Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Waliochomewa nyumba ndio waliotakiwa walipe.

Hebu tuzitazame tarehe, maana tarehe ni mashahidi wasiohongeka. Kodi ilianza 1901. Baraza la Kutunga Sheria, lililokuwa likipitisha makadirio ya fedha hizo, lilianza mwaka 1907. Mwafrika wa kwanza kuketi katika baraza hilo, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa, si kwa kura. Kwa miaka 43, basi, babu zetu walilipa bila kuulizwa neno. Hivyo ndivyo Hazina yetu ilivyolelewa: kuchukua kutoka kwa wengi, na kutoa hesabu kwa wachache. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

MAJIMBO YALIVYOKUFA NJAA

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, Wizara ya Fedha ilikuwa chini ya James Gichuru. Katiba ya Uhuru ilikuwa imeigawa nchi katika mikoa 7, kila mmoja na bunge lake, na ilikusudia kwamba shule, afya na barabara za mashambani zishughulikiwe karibu na watu. Ronald Ngala, mwana wa Kilifi na kiongozi wa KADU, aliusimamia mfumo huo kwa nguvu zake zote, na ndiye aliyeliongoza Bunge la Mkoa wa Pwani.

Mara nyingi husimuliwa kwamba majimbo yalikufa siku KADU ilipojivunja na kujiunga na KANU, Novemba 1964. Sisi twasema kwamba mgonjwa huyo alikuwa amekwisha kunyimwa chakula kabla ya siku ya mazishi. Mamlaka yalikuwa yameandikwa katika Katiba, lakini fedha na watumishi wa kuyatekeleza walibaki mikononi mwa serikali kuu, na kukabidhiwa kwao kukacheleweshwa mwezi hata mwezi. Bunge la mkoa lisilo na fedha ni baraza la kuzungumza tu. Viongozi wake walipochoka kuzungumza, wakaanza kuhama mmoja mmoja kwenda mahali penye fedha.

Yaliyofuata yalikuwa ni kuandika katika sheria jambo lililokwisha kutendeka. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 1964 yaliiondolea mikoa uwezo wake wa kujitegemea kwa fedha. Mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na Bunge, maana yake ikafutwa. Mwaka 1968 mabaraza ya mikoa yakaondolewa kabisa. Halafu ikaja zamu ya serikali za wilaya: kuanzia mwaka 1970 mabaraza ya kaunti, Kilifi mojawapo, yalipokonywa elimu ya msingi, afya na barabara, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1969.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1965, serikali ilichapisha Waraka wa Kikao Nambari 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo ulieleza kwamba fedha za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na umeme. Mtu wa Ganze au Bamba, ambaye mvua yake ni ya bahati, hahitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Aliye nacho aongezwe, asiye nacho asubiri. Hakuna aliyepiga kura kijijini kuikubali siasa hiyo. Iliandikwa na wapangaji wa uchumi, ikatekelezwa na Hazina, bajeti baada ya bajeti. Na mtu akiuliza leo kwa nini pwani yenye bandari, chumvi, korosho na watalii ina vijiji visivyo na maji, asianze kutafuta jibu lake katika uvivu wa watu. Aanzie hapo.

MLINZI ALIYEVULIWA NGAO

Katiba ya zamani, pamoja na viraka vyake vyote, ilikuwa na kanuni njema kuhusu fedha. Ilisema kwamba mapato yote ya serikali yataingia katika mfuko mmoja, kwamba hayatatolewa humo bila idhini ya Bunge, na kwamba atakuwapo Msimamizi na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye kazi yake ni kuthibitisha kwamba idhini imepatikana kabla fedha hazijatoka, na kukagua baada ya kutumika. Ili aweze kusema kweli bila hofu, alipewa kinga ya kazi: hata Rais hakuweza kumwondoa ila kwa utaratibu maalumu.

Mwaka 1986 Bunge la chama kimoja liliifuta kinga hiyo. Mkaguzi Mkuu, pamoja na Mkuu wa Sheria, akawa mtu wa kuondolewa kwa neno moja. Mwaka 1988 majaji nao wakavuliwa kinga yao. Yalikuwapo malalamiko ya mawakili na ya makanisa, lakini nchi kwa jumla haikushtuka. Watu waliona ni ugomvi wa wasomi juu ya vyeo. Kinga hizo zilirudishwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi, lakini somo lilikuwa limekwisha kufundishwa: mtumishi wa umma anayeuliza sana hujitafutia mashaka.

Ndipo ikaja Goldenberg. Kati ya 1990 na 1993 kampuni ya jina hilo ililipwa na serikali fidia ya mauzo ya nje, ati kwa sababu ilikuwa ikiuza ng'ambo dhahabu na almasi za Kenya. Kenya ina dhahabu kidogo sana, na almasi haina. Sheria iliruhusu fidia ya asilimia 20. Kampuni ikapewa asilimia 35. Nani aliidhinisha asilimia 15 ya nyongeza? Si Bunge. Karatasi zilipita kutoka meza hadi meza, Wizara ya Fedha hadi Benki Kuu, na kila meza ikagonga muhuri.

Aliyevunja ukimya hakuwa waziri wala mbunge. Alikuwa karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei, ambaye aliona hesabu haziingiliani, akazitoa nyaraka hizo zikafikishwa Bungeni mwaka 1993. Malipo yake yalikuwa kukamatwa, kushtakiwa, na kufutwa kazi. Alikuja kuishi Mombasa, karibu nasi hapa, akihangaika kama mtu yeyote asiye na ajira, na alifariki mwaka 2006 bila kurudishiwa kazi yake. Twamtaja kwa heshima, kwa maana wakati ambapo milango yote ya sheria ilikuwa wazi kwa mwizi, yeye alikuwa daftari la taifa.

Na hasara ya uporaji wa zama zile haikuishia Nairobi. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Mvuvi wa Ngomeni aliyeweka akiba ya shilingi 1,000 kwa ada ya mtoto aliziona zikiyeyuka sandukuni bila mtu kuzigusa. Tangu Desemba 1989 mgonjwa alikuwa amekwisha kuambiwa achangie gharama hospitalini, kwa sababu serikali haina fedha. Serikali hiyo hiyo ikapata fedha za kununulia almasi zisizokuwapo.

CHAMA KILIBADILIKA, KUFULI HALIKUBADILIKA

Waliotutangulia katika kampeni hii walipigwa rungu, wakafungwa, wakafukuzwa makwao, hata kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991 na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika tarehe 29 Desemba 1992. Wachungaji na maaskofu walisimama mimbarani wakasema yale ambayo wanasiasa waliogopa kuyasema. Deni tulilo nalo kwao halilipiki.

Lakini lazima tuseme ukweli. Wengi wetu tuliamini kwamba tatizo lilikuwa chama kimoja, na kwamba jogoo akishindwa, kutakucha kwenyewe. Desemba 2002 jogoo alishindwa. Watu walilia kwa furaha barabarani. Haikupita miaka miwili kabla ya nchi kusikia habari za Anglo Leasing: mikataba ya mabilioni, mingi ya vifaa vya usalama na pasipoti, iliyotiwa sahihi na serikali kwa kampuni ambazo hazikuwa na ofisi ya kueleweka. Baadhi ya mikataba hiyo ilianza chini ya KANU, ikaendelezwa chini ya wale tuliowachagua kuiondoa KANU. Mlango ulikuwa ule ule, na kufuli lile lile. Kilichobadilika ni mkono ulioshika ufunguo. Mwaka 2014, chini ya serikali nyingine tena, nchi ikakopa dola bilioni 2 katika masoko ya ng'ambo, na Mkaguzi Mkuu, Edward Ouko, alipofuata nyayo za mkopo huo aliandika kwamba hakuweza kuthibitisha jinsi ulivyotumika.

Kwa hiyo twasema: vyama vingi ni haki, na hatutairudisha. Bali vyama vingi bila Hazina iliyo wazi ni zamu za kula. Leo ni zamu ya hawa, kesho ya wale, na mwananchi huitwa kila miaka 5 kuamua nani aketi mezani.

KATIBA YASEMAJE

Tarehe 27 Agosti 2010 Kenya ilipata Katiba mpya, na sura yake ya 12 ni kana kwamba iliandikwa na watu waliokuwa wakiyakumbuka yote tuliyoyasimulia. Kifungu cha 201 chataka uwazi, uwajibikaji na ushiriki wa wananchi katika mambo yote ya fedha za umma. Kifungu cha 203 chasema kaunti zipewe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Kazi ya zamani ya Msimamizi na Mkaguzi Mkuu imegawanywa: Msimamizi wa Bajeti huidhinisha fedha kabla hazijatoka, na Mkaguzi Mkuu hukagua zikishatumika. Wote wawili wana kinga ya kazi. Zaidi ya hayo ipo Tume ya Ugavi wa Mapato, na Seneti imerudi.

Hazina yenyewe, inayoitwa sasa Hazina ya Kitaifa, imepewa mipaka. Yale yaliyotendwa kwa majimbo mwaka 1964 yamekatazwa kwa maneno. Kifungu cha 219 chasema mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu. Kifungu cha 225 chamruhusu Waziri kusimamisha fedha za kaunti, lakini kwa kosa zito au la kurudiarudia tu. Asisimamishe zaidi ya nusu. Isiwe kwa zaidi ya siku 60. Kaunti ipewe nafasi ya kujitetea. Na uamuzi huo hufa Bunge lisipouidhinisha katika siku 30.

Wasomaji watakubaliana nasi kwamba hizo ni kinga nzuri. Sasa tuulize: mgao ukichelewa miezi miwili, mitatu, bila tangazo wala sababu, bila kosa kutajwa na bila Bunge kuulizwa, tuuiteje? Watumishi wa Hazina huuita ukosefu wa fedha. Sisi, kwa kuisoma Katiba kama ilivyoandikwa, twauita usimamishaji wa fedha uliopitia mlango wa nyuma. Kama sheria imeweka masharti matano ya kumnyima mtu haki yake kwa siku 60, haiwezekani ikawa halali kumnyima haki hiyo hiyo kwa siku 90 bila sharti hata moja. Muuguzi wa zahanati ya mashambani asiyepata mshahara kwa wakati, na mama mjamzito anayeambiwa akanunue glavu nje, hao ndio wanaolipa riba ya ucheleweshaji huo. Na aliyesoma historia ya Ngala atajua kwamba ugatuzi hauhitaji kufutwa na mtu yeyote. Watosha kucheleweshewa posho.

SOMO LA MWAKA 2024

Juni 2024 vijana wa nchi hii walifanya jambo ambalo halikupata kufanywa. Walisoma Mswada wa Fedha. Waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za mama, wakaambiana kodi ya mkate ni hii, ya gari ni hii. Kisha wakaingia barabarani, Nairobi, Mombasa, na miji mingine mingi. Tarehe 25 Juni waliingia hata ndani ya Bunge. Risasi zikalia, watoto wa watu wakafa. Siku iliyofuata Rais akasema hatautia sahihi mswada ule.

Twawaombea marehemu, na tunadai haki yao. Lakini tukiwa watu wa sheria na wa kampeni, tulitazama pia yaliyofuata. Hazina ilipoambiwa haitapata kodi mpya, ilipaswa kukata mahali. Mgao wa kaunti uliokuwa umepitishwa, shilingi bilioni 400.1, ukapunguzwa hadi bilioni 387.4. Yaani ushindi wa barabarani ukalipiwa, kwa sehemu, na zahanati za Magarini, Ganze na Kaloleni. Siku mswada ulipoanguka nchi nzima ilikuwa macho. Siku mgao ulipokatwa wengi walikuwa wamelala. Hatusemi haya kuwalaumu vijana, ambao walitufundisha sote. Twasema kwamba mapato ni ukurasa mmoja wa daftari, na matumizi ni ukurasa wa pili. Waliousoma wa kwanza kwa ujasiri ule, na waushike na wa pili. Tena upo wa tatu, ukurasa wa madeni: kufikia katikati ya mwaka 2025 deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 11, na Katiba yasema kwamba deni hulipwa kwanza, kabla ya dawa na kabla ya vitabu.

TUANZE NYUMBANI

Haitakuwa haki tuinyoshee Nairobi kidole tukifumba macho yetu hapa. Kilifi hupata fungu kubwa. Mwaka wa fedha 2021/22 mgao wetu ulipita shilingi bilioni 11.6. Mwaka 2016 zaidi ya shilingi milioni 51 zilitoweka katika hazina ya kaunti hii kwa njia ya mtandao wa malipo wa serikali, kwa kutumia nywila za watumishi. Ugatuzi ulileta fedha karibu na watu. Ulileta na wezi karibu vilevile. Tofauti ni kwamba huyu wa karibu twaweza kumwona, tukitaka.

Na ndani ya nyumba ya Mungu je? Kwa miaka mingi wanasiasa wamekuja makanisani na mabunda ya noti, nasi tukawapa kipaza sauti. Tulipata kuuliza mshahara wa mbunge unatoaje milioni kila Jumapili? Novemba 2024 Jimbo Kuu la Kikatoliki la Nairobi liliikataa michango iliyotolewa na Rais kanisani, likaagiza irudishwe. Twalipongeza. Kanisa lenye deni la shukrani kwa mwanasiasa haliwezi kumwambia kama Nathani alivyomwambia Daudi.

Wakristo wenzetu wanao mfano ulio bora kuliko mawaidha yetu. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, yasimuliwa habari za mfalme Yoashi. Watu walikuwa wakileta fedha za kutengeneza hekalu, makuhani wakizipokea. Miaka 23 ikapita, nyufa ziko pale pale. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kifunikoni, akaliweka kando ya madhabahu mbele ya macho ya wote. Lilipojaa, walikuja watu wawili wa ofisi mbili mbalimbali, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakahesabu pamoja. Na fedha zikaenda moja kwa moja kwa maseremala na waashi. Hapo mna sheria nzima ya fedha za umma: kasha liwe hadharani, mwenye kuhesabu asiwe mmoja, na fedha imfikie fundi. Nyinyi wenyewe hufanya hivyo kila Jumapili, maana sadaka haihesabiwi na mtu mmoja chumbani. Ndugu zetu Waislamu nao wajua kwamba mwangalizi wa mali ya wakfu ni mwekewa amana tu. Hawezi kuiuza wala kuila. Hazina haina hadhi zaidi ya hiyo. Waziri ni mwekewa amana, na gavana vilevile.

TUFANYE NINI

Twapendekeza mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila kanisa na kila kikundi kichague watu wawili, mmoja awe kijana, kazi yao iwe kusoma bajeti na kuwaeleza wengine kwa lugha inayoeleweka.

Pili, tuzishike tarehe. Kufikia tarehe 15 Februari Hazina ya Kitaifa hupeleka Bungeni taarifa ya sera ya bajeti. Kufikia 28 Februari kaunti hupeleka mkakati wake kwa Bunge la Kaunti. Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe lazima yawe mezani. Anayekuja Juni kusikiliza mkoba amekuja kwenye karamu vyombo vikioshwa.

Tatu, tuandike barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vyampa kila raia haki ya kupewa habari zilizo mikononi mwa serikali, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Tuulize mgao wa Kilifi ulifika tarehe gani, zahanati yetu ilitengewa ngapi, ikapata ngapi. Ofisi isipojibu, tuichapishe barua yetu pamoja na ukimya wake.

Nne, kila mgombea atakayekuja kutuomba kura, wa chama chochote, tusimwulize ametuletea nini. Tumwulize alipiga kura gani mgao wa kaunti ulipokatwa, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu aliisoma lini.

Mekatilili hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu: alijua nini kinachukuliwa, na kwamba hakuna kinachorudi. Sisi tuliosomeshwa tuna udhuru gani? Ufunguo wa Hazina ni wetu kwa mujibu wa Katiba. Kilichobaki ni kwenda kuudai, mchana, kwa jina letu, tukiwa na daftari mkononi.

Mapambano yaendelee.